Alhamisi Inayozaa Ijumaa: Kisa cha Binti Mmoja wa Mlima Elgon

Kurasa za rejesta ya mahudhurio ya shule ndizo zilizotufungua macho, na tulizisoma tukiwa tumeshatumia fedha na tumeshashindwa.

Niseme kwanza sisi ni akina nani. Ni kikundi cha watu tisa wilayani Bukwo, Uganda, upande wa Mlima Elgon unaotazamana na Kenya: walimu wastaafu wanne, wafanyabiashara wawili wa mpakani Suam, fundi cherehani, mama mmoja wa kanisa, na mimi niliyepewa kazi ya kuandika. Vikao vyetu ni vya Kiswahili, kwa sababu ndani yake tumo Wasabiny, Wagisu na Wapokoti, na kwa sababu wengi wetu tumezoea soko la Kitale, ng'ambo Kenya, ambako ukikosa Kiswahili umekosa bei. Kazi yetu ni moja: watoto wa vijiji vya juu, vile vinavyopakana na msitu wa hifadhi, wasiache shule ya msingi katikati.

Kisa hiki ni cha mwaka 2022. Ni cha binti aliyekuwa na miaka 13, darasa la tano. Simtaji jina wala kijiji, na shule yake naiacha bila jina pia. Nimekiandika kirefu kwa sababu wapo wenzetu Kween, Kapchorwa, Bududa na hata kule Rwenzori wanaofanya kazi kama yetu, na naamini kosa letu wanalifanya na wao kila muhula, kwa nia njema kabisa.

Mwaka ule ulianza vibaya kwa watoto wote wa Uganda. Shule zilikuwa zimefungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, na madarasa mengi hayakufunguka sawasawa mpaka Januari 2022. Karibu miaka miwili. Mjini watoto wengine walipata redio, magazeti ya masomo, hata mwalimu wa kuja nyumbani. Huku juu mtoto aliyefungiwa shule aliingia kazini siku iyo hiyo. Wavulana walishika mifugo au walivuka kwenda kubeba mahindi Trans Nzoia, Kenya. Wasichana walishika nyumba. Shule zilipofunguka, tulikuwa tukimdai mtoto arudi mahali ambapo nafasi yake ilikuwa imejaa vumbi, huku nafasi yake nyumbani ikiwa imeshaota mizizi.

Binti huyu aliishi na nyanya yake mzaa mama. Baba alikuwa na nyumba nyingine, mbali. Mama alifanya vibarua kwenye mashamba ng'ambo ya Suam, akaja nyumbani wakati wa korona akajifungua mtoto wa kiume, kisha akarudi kazini na kumwacha mtoto. Kwa hiyo nyumbani walikuwa watatu: nyanya, binti, na kamvulana kasikotimiza miaka miwili.

Mwezi wa tano, muhula wa pili ulipoanza, mwalimu wa darasa alitupa majina sita ya watoto aliowaona wanakaribia kuacha. Tukafanya tulichozoea. Kila mtoto alipata sare, viatu, madaftari 12, kalamu, na tukamlipia mchango wa chakula cha mchana. Kwa binti huyu ilifika shilingi 118,000. Tuliwakabidhi vitu vyao asubuhi, mbele ya gwaride la shule nzima, mwalimu mkuu akasema maneno mazuri, watoto wakapiga makofi. Picha zikapigwa ili tuwatumie ndugu zetu wa Kampala waliochangia.

Wiki tatu za mwanzo zilikuwa na siku 15 za masomo. Binti alifika siku tisa. Wiki ya nne hakuonekana kabisa.

Kwenye kikao chetu cha mwezi wa sita maneno yalisemwa ambayo leo nayaonea haya, na baadhi niliyasema mimi. Kwamba huko juu hawajali elimu. Kwamba nyanya amemgeuza mjukuu kuwa yaya. Kwamba tumpe nafasi hiyo mtoto mwingine anayethamini. Mmoja wa walimu wastaafu, mama aliyefundisha miaka mingi Kapchorwa, alitusikiliza mpaka mwisho kisha akauliza swali moja: "Amekosa siku gani?" Hakuna aliyejua. Tulijua amekosa siku ngapi. Hatukujua ni zipi.

Nikatumwa shuleni nikanakili rejesta.

Rejesta ya huku ni daftari pana lenye mistari ya majina na safu za siku, kistari kwa aliyefika na duara kwa aliyekosa. Kwa kawaida mtu anaisoma kwa kujumlisha mwishoni mwa mstari: fulani amefika siku 41, amekosa 25. Ndivyo inavyosomwa ofisini na ndivyo inavyopelekwa wilayani. Nilipoinakili siku moja moja, jambo lilijitokeza lenyewe kama nyayo kwenye tope. Katika muhula wa kwanza, uliokuwa na siku 66 za masomo, binti alikosa siku 25. Alhamisi zilikuwa 13. Alikosa 12. Na baada ya Alhamisi hizo 12, Ijumaa tisa zilizofuata alikosa pia. Zilizobaki, siku nne tu, zilitawanyika huku na huku. Jumatatu, Jumanne na Jumatano zake zilikuwa karibu safi.

Sasa tazama siku sita alizokosa katika wiki tatu za mwanzo za muhula wa pili, tulizozihesabu kama dharau. Wiki tatu, Alhamisi tatu, Ijumaa tatu. Ndizo hizo sita. Fedha yetu haikuwa imebadilisha hata duara moja.

Mtoto anayetoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri, akashuka mlima zaidi ya saa moja, na jioni akaupanda kwa saa mbili, akafanya hivyo Jumatatu mpaka Jumatano bila kukosa, huyo huwezi kusema hapendi shule. Anapenda shule kuliko wengi wanaolala mlangoni pake. Kuna kitu kinachomzuia Alhamisi.

Hapa niingize jambo linalonikera. Kila tukisema habari za umbali, hakosi mtu wa kutukumbusha Peruth Chemutai, binti wa Bukwo aliyeileta Uganda dhahabu ya mbio za kuruka viunzi na maji kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, mwanamke wa kwanza wa nchi hii kushinda dhahabu ya Olimpiki. Tunajivuna naye sote. Lakini kumtumia yeye kusema mlima unawafaa watoto ni kuwahesabu waliofika na kuwasahau walioishia njiani. Mtoto anayefika darasani na miguu iliyolowa na tumbo tupu hayuko mazoezini.

Tulipanda kwao Jumamosi, mimi na yule mwalimu mstaafu. Siku hizi kuna lami kutoka Kapchorwa mpaka Suam, kilomita 73, na imetubadilishia maisha; zamani mvua ikinyesha, mtu wa Bukwo aliyetaka kwenda Kampala alipitia Kenya. Lakini lami inapita senta, yaani penye maduka na soko. Kwa binti ni njia ya miguu, udongo mwekundu unaoteleza, kijito kimoja cha kuvuka, halafu mteremko wa vitunguu na viazi mpaka kwenye nyumba ya mwisho kabla ya msitu.

Nyanya alitupokea vizuri. Anasema Kiswahili cha mashamba ya Kitale, alikofanya kazi ujanani, kifupi na kilichonyooka. Alitupa viazi na maziwa mala, akaacha tule. Binti alikuwa nje na yule mdogo mgongoni, akajifanya anafagia. Viatu tulivyompa vilikuwa vimening'inizwa ukutani, vimesafishwa, vimefungwa kamba pamoja.

Mwalimu mwenzangu hakuuliza kwa nini mtoto haji shule. Aliuliza: "Mama, Alhamisi yako inakuwaje?"

Akatueleza. Alhamisi ni siku ya soko, chini huko senta. Ndiyo siku pekee anayoshika fedha. Anaamka usiku, anajitwika gunia la viazi, kilo 25 hivi, wakati mwingine kabichi, anashuka nalo mgongoni kwa mkanda wa kichwani, na jioni anapanda na chumvi, sabuni, mafuta ya taa na unga. Mgongo una nafasi ya mzigo mmoja. Akibeba viazi, mtoto anabaki. Mtoto akibaki, lazima abaki na mtu. Majirani wa karibu nao wako sokoni, maana Alhamisi kijiji chote kinashuka.

"Mwalimu," akasema, akimwangalia mwenzangu na si mimi, "mmeleta viatu. Tunashukuru. Lakini viatu havibebi mtoto."

Tukanyamaza. Kisha mwalimu akauliza habari ya Ijumaa, na hapo nyanya akamwita binti aseme mwenyewe. Binti alisema kwa sauti ya chini sana kwamba aliyekosa jana anachapwa leo. Mara nyingi ni viboko vitatu. Kwa hiyo Alhamisi ikimshinda, Ijumaa anaogopa, na Jumatatu mwalimu huwa amesahau au amechoka. Ndiyo hesabu yake. Alhamisi ilikuwa inazaa Ijumaa.

Jambo la tatu lilitoka mwishoni, tukiwa tumesimama kuaga, na ndilo lililoniuma zaidi. Nilimuuliza kwa nini wiki ya nne hakuja hata siku zile anazoweza. Nyanya ndiye aliyejibu. Alisema tulimpa mtoto vitu mbele ya shule nzima. Tangu siku hiyo akikosa Alhamisi, kila mtu anajua kwamba mwenye viatu vya bure ndiye amekosa. Wenzake wakamwambia. Mwalimu mmoja naye alimwambia darasani kwamba watu wamepoteza fedha zao bure kwa ajili yake. Akavivua, akavining'iniza ukutani, akasema atavaa siku atakapoweza kwenda siku zote tano.

Gwaride lile tuliliandaa sisi. Makofi yale tuliyataka sisi, kwa ajili ya picha. Msaada wetu haukugusa kilichomzuia, na juu yake ukaongeza deni la aibu ambalo mtoto wa miaka 13 hakuweza kulilipa. Tangu hapo kikundi chetu hakijamkabidhi mtoto kitu hadharani. Vitu vinapitia kwa mzazi au mlezi, nyumbani, bila kamera.

Tukarudi na mawazo matatu, na tuliyabishania kikao kizima.

Wazo la kwanza lilikuwa binti akae senta kwa jamaa siku za shule. Shangazi yake, dada ya baba, alikuwa na nyumba huko chini. Tulilijaribu kwa wiki mbili na lilishindwa. Shangazi hakuwa mtu mbaya, ila nyumba yake ilikuwa na kazi nyingi na binti mgeni ndiye aliyezipata zote: maji, kuni, vyombo, watoto. Aliomba kurudi kwa nyanya. Na kule juu, Alhamisi ilibaki palepale, maana kamvulana bado kalihitaji mtu. Tulikuwa tumemhamisha binti na kuliacha tatizo lake nyuma likimsubiri nyanya.

Wazo la pili lilikuwa mtoto mdogo aje naye shuleni Alhamisi. Mwalimu mkuu alikataa, na sikumlaumu. Darasa lile lilikuwa na watoto 94 na mwalimu mmoja. Jikoni kuna moto wazi. Nani angemwangalia?

Wazo la tatu lilitoka kwa mfanyabiashara wa Suam, mtu asiyesema sana. Alisema: mnahangaika na mtoto, tatizo ni gunia. Mkiondoa gunia mgongoni mwa mama, mtoto atapanda mahali pake.

Huku kwetu mzigo wa mlimani unabebwa na punda. Ukisimama njiani asubuhi ya soko utawaona wakishuka kwa mstari, magunia ubavuni, kengele zikilia. Nyanya hakuwa na punda. Jirani yake wa mgongo wa pili wa mlima alikuwa nao wawili na alishuka kila Alhamisi. Tulipomwendea alisema shilingi 5,000 kwa kushusha na kupandisha. Ndivyo tulivyokubaliana: kikundi kilipie Alhamisi nane, yaani shilingi 40,000, halafu tutazame.

Kulikuwa na ubishi hata hapo. Mweka hazina wetu, mtu mwaminifu sana, alisema kitabu chake kina safu za sare, madaftari na michango ya shule, na hana mahali pa kuandika punda. Akauliza ndugu wa Kampala watasemaje wakiona fedha ya elimu imelipa usafiri wa viazi. Swali lake lilikuwa la haki. Tuliwapigia simu tukawaeleza kama nilivyoeleza hapa. Mmoja alikata mchango wake. Wengine walibaki.

Alhamisi ya kwanza ya punda nilikuwa sokoni. Nyanya alifika saa tatu, mtoto mgongoni kwenye kanga, mikono mitupu, anatembea kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Viazi vilikuwa vimeshatangulia. Nilipopita shuleni mchana, binti alikuwa darasani. Miguuni alikuwa na vile viatu.

Punda alifanya jambo jingine ambalo hatukulipanga. Mgongo wa mama unabeba kilo 25. Punda anabeba zaidi ya mara mbili. Nyanya akaanza kuchukua na kabichi za majirani wawili wazee wasioweza kushuka, akawauzia, wakamkatia kidogo. Wiki ya saba alimwambia mwalimu mstaafu kwamba Alhamisi ijayo atamlipa mwenye punda mwenyewe. Hatukufika hata ya nane. Naandika hili kwa uzito, kwa sababu sare na viatu ni gharama isiyorudi, na mwaka unaofuata mtoto amekua navyo havimtoshi. Nauli ya punda ilijilipa.

Ijumaa ilihitaji maongezi ya aina nyingine. Sheria iko wazi: marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016 yanakataza adhabu ya viboko shuleni. Tungeweza kwenda na sheria mkononi. Mwalimu mstaafu akakataa. Alisema mwalimu mwenye watoto 94 ukimjia na sheria atakuitikia na kesho ataendelea, na mtoto wako ndiye atakayelipia. Akaenda peke yake, akakaa na mwalimu yule jioni mbili, akamsaidia kusahihisha madaftari. Alimwonyesha nakala ya rejesta, Alhamisi na Ijumaa zikiwa zimezungushiwa kalamu nyekundu, na si za binti huyu tu. Walikuwa watoto 11 wenye mchoro uleule. Mwalimu aliitazama muda mrefu. Kiboko kilichokusudiwa kumrudisha mtoto kilikuwa kinamwongezea siku ya kukosa. Walikubaliana kwamba aliyekosa akirudi atakaa na mwenzake wakati wa mapumziko anakili kazi ya jana. Sisemi viboko vimekwisha katika shule ile. Katika darasa lile, kwa kosa lile, vilipungua sana, na Ijumaa zikarudi.

Mvua sitaisema kirefu. Kijito cha njiani kikijaa hakipitiki, na watoto wa juu hawaji. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, aliwaita watu, wakalaza miti miwili ya mkaratusi na waya wa kushikia. Misumari na waya tulinunua sisi. Septemba maji yaliibeba miti ile, wakalaza mingine. Naongeza neno moja tu kwa wale wanaowacheka wazazi wanaowazuia watoto mvua ikinyesha. Mlima huu unaua. Tarehe 1 Machi 2010 udongo ulishuka Nametsi, Bududa, ukafukia mamia ya watu. Oktoba 2018 mto ulibeba mawe na nyumba Bukalasi. Novemba 2024 ilikuwa zamu ya Bulambuli. Mzazi anayesikiliza mlima usiku na asubuhi akamwambia mtoto leo baki, ana sababu. Siku kama hizo hatuzihesabu kuwa utoro, na tumemwomba mwalimu aziandike kwa alama tofauti.

Chakula cha mchana kilikuwa shida ndogo kwa binti huyu kwa kuwa tulikuwa tumeshalipa. Kwa watoto wengine ni shida kubwa. Elimu ya msingi bila ada ilianza Uganda mwaka 1997, na Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 inakataza mtoto kufukuzwa kwa kutolipa mchango wa hiari. Lakini sheria hiyohiyo inamwachia mzazi jukumu la kumlisha mtoto, na mzazi wa juu ana mahindi, hana fedha. Shule nyingi hudai fedha mwezi wa pili, wakati magunia yanakaribia kuisha. Tumekuwa tukiwaomba wapokee mahindi na maharage baada ya mavuno. Baadhi wamekubali.

Nisichoweza kukipita haraka ni Desemba.

Kwa Wasabiny, desturi ya kuwakeketa wasichana ilikuwa na msimu wake: Desemba ya mwaka unaogawanyika kwa mbili. Wazee wetu wenyewe walisimama kuipinga, na chama chao cha wazee wa Kisabiny kilitunukiwa Tuzo ya Idadi ya Watu ya Umoja wa Mataifa mwaka 1998. Sheria ya kuikataza ni ya mwaka 2010. Imepungua sana, na inayobaki imejificha, mara nyingine ng'ambo ya mpaka. Na kwa habari ya shule, maana yake ni hii: msichana akishapitia pale, huhesabiwa mwanamke mzima, na kinachofuata ni posa. Februari dawati lake liko tupu na rejesta haina maelezo.

Mwaka 2022 ulikuwa unagawanyika kwa mbili. Mwishoni mwa Novemba ndugu wa mama walituma ujumbe kwamba binti avuke aje awatembelee likizo, ana miaka 13 na hawajamwona siku nyingi. Hakuna aliyetaja kitu kingine, na huenda hakikuwepo. Binti mwenyewe alimwambia mwalimu mstaafu kwamba hataki kwenda.

Hatukujua la kufanya. Kwenda polisi kwa ujumbe wa mwaliko wa likizo kungemvunjia nyanya ukoo wake bila ushahidi wowote. Mwalimu mstaafu akapanda tena mlimani, peke yake, akalala huko. Sikuwapo na sitatunga maneno yao. Aliporudi alisema tu kwamba nyanya amejibu ujumbe: mjukuu ana kazi Alhamisi, anasaidia sokoni wakati wa likizo, hatavuka. Nyanya yule ana yake aliyopitia ujanani, na alijua anachokataa. Sisi tulichoongeza ni wiki tatu za kusoma kwenye jengo la kanisa, mwezi wa Desemba hadi karibu na Krismasi, ili wasichana wawe na mahali pa kuonekana kila siku. Walikuja 17.

Mwaka 2023, darasa la sita, muhula wa kwanza, binti alikosa siku tano. Mbili zilikuwa malaria. Novemba 2024 alifanya mtihani wa kumaliza darasa la saba, akapata divisheni ya pili.

Sasa mambo ambayo hatukuyaweza. Kati ya wale watoto sita wa mwezi wa tano 2022, watatu walimaliza. Mvulana mmoja yuko kwenye mashamba ng'ambo, na alikwisha kwenda kabla hatujajifunza kusoma rejesta. Wasichana wawili wameolewa. Mmoja wao nyumba yao ilikuwa karibu na shule, dakika kumi, kwa hiyo tulidhani hana shida. Na binti wetu naye, sekondari ya serikali iliyo karibu iko mbali mara tatu ya shule ya msingi, hakuna atakayeifikia kwa miguu na kurudi. Elimu ya sekondari bila ada ipo tangu 2007, ila kitanda cha kulala si bure. Alichelewa kuanza kwa wiki tatu mwaka 2025, tukitafuta chumba salama kwa mama mmoja mjane karibu na shule, na safari hii tuliandika masharti kabla hajaingia: kazi gani atafanya, saa ngapi anasoma, nani anapita kumwona. Nyanya anapeleka viazi kwa punda yuleyule.

Kamvulana ka mgongoni kamekua, kanashuka soko kwa miguu yake na kanaogopa punda.

Siku hizi mwanzoni mwa kila muhula naenda shuleni na daftari langu nanakili siku, si jumla. Wiki iliyopita mwalimu wa darasa la nne alinionyesha mvulana wa miaka kumi, mstari wake una maduara kila Jumatatu na hakuna kwingine. Nyumbani kwao hakuna mtoto mdogo, soko si Jumatatu, na kijito hakipo njiani. Mwalimu mstaafu amesema tusinunue kitu chochote kwanza. Tunapanda Jumamosi.